Maneno ya Mtani Hayana Kesi

24 Machi 2008

Tumeanza kung'oa karanga. Nusu ya mashina yana maganda matupu, kwa sababu mvua yote ilinyesha Desemba kisha ikatupa kisogo. Mama anasema tutapata za kula na za mbegu, za kuuza tusahau. Mikono yangu inanuka udongo hata nikinawa. Sabuni hakuna.

Mwalimu wetu wa Kiingereza amevuka kwenda Botswana bila kuaga. Wa hesabu alitangulia Januari. Baba yangu, Mwalimu Gwenzi, anafundisha shule ya msingi ng'ambo ya kijito, naye bado yupo. Mama akimwuliza anangoja nini, anasema kuna watoto ambao hawajajua kugawanya. Mimi niko kidato cha tatu na sina wa kunifundisha, kwa hiyo nimeamua kuandika, angalau mkono usisahau.

25 Machi

Mzee Nhire amekuja. Hapigi hodi. Aliingia uani, akachukua kofia ya Baba iliyokuwa kwenye kigogo, akaivaa, akaketi.

"Simba gani huyu anachambua karanga na wanawake?" akasema.

"Simba aliyemaliza kula pundamilia wote," Baba akajibu. "Umebaki wewe, na wewe ni mifupa."

Wanaongea hivyo tangu sijazaliwa. Sisi ni ukoo wa Simba, wao ni wa Pundamilia, na babu zetu waliwekeana utani ambao watoto tunaurithi kama shamba. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako, na huruhusiwi kununa. Na mtu wa kwetu akifa, Mzee Nhire ndiye anayeingia kaburini kwanza, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke. Akifa wa kwao, kazi hiyo ni ya Baba.

Mimi nilipiga magoti, nikampigia makofi ya salamu, "Mmeshindaje, Mzee?"

"Mnamsikia huyu? Ananifukuza tena."

"Maidei," Baba akasema, huku akicheka, "mtani hasalimiwi kwa adabu. Ukimpigia makofi ni kama unamwambia hamjuani. Mtukane."

Sikuweza. Mimi hata darasani sinyooshi mkono. Nikaingia ndani kuendelea na riwaya yangu, nikakuta kurasa za mwisho zimechanwa. Alikuwa amezisokotea tumbaku yake. Sasa sitajua kama yule daktari alirudi kwao au la.

"Ni haki yake," Baba alisema nilipolalamika. "Nenda na wewe kachukue kitu kwake."

Nimekasirika, na nimeona haya kukasirika.

27 Machi

Tulisikia duka la kwa Chiutsi limepata unga. Tulipanga foleni tangu asubuhi, Baba, mimi na kijiji kizima. Unga haukuja. Mshahara wa Baba wa Februari umetosha chumvi na mshumaa.

Mzee Nhire ni mwenyekiti wa Chama katika tawi letu, kwa hiyo alikuja kutuambia tuwe na subira. Baba akamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye umekula huo unga, mwizi wa kofia, hebu fungua mdomo tuone meno." Watu wakacheka. Kulikuwa na askari mgeni pale, amehamishwa juzi kutoka mjini. Akamshika Baba mkono: unamwitaje mwenyekiti wa Chama mwizi?

Mzee Nhire hata hakuinuka. "Mwache. Ni mtani wangu. Maneno yake hayana kesi."

Askari akaachia. Hata yeye kwao wana watani.

29 Machi

Leo ni kura. Baba ndiye msimamizi wa kituo, na kituo ni darasa lake mwenyewe. Alifuta ubao jana jioni kana kwamba mkaguzi anakuja.

30 Machi

Walihesabu, na asubuhi Baba akabandika karatasi ya matokeo mlangoni, kama sheria inavyotaka. Chama kimeshindwa. Katika kata yetu hakijawahi kushindwa. Watu walikuja wakasoma mmoja mmoja, wakaondoka. Hakuna aliyeimba. Mama wa jirani alisoma mara mbili kisha akashika shavu.

Mzee Nhire naye akaja, amevaa kofia ile ile ya Baba.

"Simba, hesabu ulijifunzia wapi?"

"Kwa baba yako. Ndiyo maana nilichelewa kuhitimu."

Alicheka, lakini aliendelea kuitazama ile karatasi baada ya kicheko kwisha.

2 Aprili

Redio inasema matokeo ya urais bado.

5 Aprili

Bado. Karanga zimelazwa juani.

9 Aprili

Bado. Mama amebadilishana kopo la karanga na nusu kopo la mafuta ya kupikia. Mwenye mafuta alilalamika kwamba anatupendelea.

16 Aprili

Vijana wameletwa na lori na wamepiga kambi kwenye sekondari yetu. Muhula wa pili umeahirishwa. Kiongozi wao anaitwa Komredi Hatulali. Jina lake la kweli hakuna anayelijua, wala kwao ni wapi. Ni mdogo, pengine miaka ishirini na mitano, anaongea polepole kama mtu anayesoma imla.

Tumeagizwa kila nyumba ipeleke kuku na unga. Mimi ndiye niliyepeleka wetu. Wanapikia viti na madawati, na vitabu vya maktaba ndivyo wanavyowashia. Niliona kitabu cha ramani za dunia, kile kikubwa chenye jalada la bluu, kimefunguka karibu na mafiga. Nilitamani kukiomba. Niliweka kuku chini nikaondoka.

20 Aprili

Chiutsi, mwenye duka, ameitwa kambini jana. Amerudishwa kwenye mkokoteni. Hatuulizani.

22 Aprili

Mama amemwambia Baba aende Harare kwa shangazi. Nilikuwa napepeta, nikasikia yote.

"Wanawaita walimu waliosimamia kura," Mama akasema. "Yule wa Nyakoko wamemvunja mguu."

"Nyakoko mwenyekiti wao ni mtu baki. Wa hapa ni mtani wangu. Mama Maidei, yule ndiye atakayenizika. Atakubali nani aniguse?"

"Mimi sisemi Nhire ni mbaya. Nasema anaogopa."

"Pundamilia huogopa siku zote, ndivyo walivyoumbwa," Baba akasema. Akacheka peke yake.

Mama alifunga begi dogo hata hivyo. Limekaa nyuma ya mlango.

2 Mei

Matokeo ya urais yametangazwa hatimaye. Hakuna aliyefikisha nusu. Patakuwa na duru ya pili, tarehe 27 Juni. Baba alizima redio, akasema, "Kwa hiyo wana muda."

4 Mei

Mzee Nhire amekuja. Alikaa kwenye kigogo kwa muda mrefu akikuna goti. Baba akamtania kuhusu tumbo lake, akatabasamu tu. Alipoondoka Mama akasimama mlangoni akimtazama anavyokwenda.

"Umeona?" akamwambia Baba. "Hajachukua hata karanga moja."

Baba alisema pengine ameshiba kwa watu wengine. Lakini mimi nilikuwa nimeona. Miaka yote nimemwona mzee huyu kuwa kero, mwizi wa kurasa zangu. Leo ningempa kitabu kizima, mradi aombe.

8 Mei

Baridi imeanza. Tumeitwa mkutano Jumapili, kila mtu, hata wagonjwa. Mama kasogeza begi karibu zaidi na mlango. Baba kalirudisha.

11 Mei

Naandika haraka kabla mwanga haujaisha.

Tulikaa chini kwenye uwanja wa sekondari, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mbele iliwekwa meza ya maabara. Hatulali alikaa katikati na Mzee Nhire kulia kwake, na kofia ya Baba kichwani. Nilipoiona ile kofia nilipata nguvu kidogo. Nilijiambia mtu hawezi kuvaa kofia ya mtu kisha akamdhuru.

Tuliimba nyimbo. Kisha Hatulali akasema, "Asimame aliyebandika karatasi mlangoni."

Baba akasimama. Alikung'uta suruali, akavuta mikono ya koti, kama afanyavyo akiingia darasani.

"Mwalimu, waambie wazazi ulikosea kuhesabu."

"Sikukosea," Baba akasema. "Tulihesabu mara tatu, na mawakala wa Chama walikuwepo na waliweka sahihi."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayemsahihisha mtoto. Ukasikia bendera inavyogonga mlingoti. Hatulali akamgeukia Mzee Nhire.

"Mwenyekiti, sema wewe. Kata yako imepotea vipi?"

Mzee Nhire akainuka. Alisema kwamba kata hii ni ya Chama tangu vita vya ukombozi, kwamba waliodanganywa wamedanganywa na walimu, kwamba yeye mwenyewe alipiga kura yake na anajua aliiweka wapi. Alikuwa akitazama meza. Sauti yake haikuwa yake.

Nadhani Baba aliona aibu kwa ajili yake. Nimewaza tangu mchana na sipati sababu nyingine. Alitaka kumtoa pale alipokwama, na njia waliyoizoea wawili hao ilikuwa moja tu.

"Mtani," Baba akasema kwa sauti ya kawaida, "wewe usiape. Pundamilia ana mistari myeusi na myeupe. Hata mwenyewe hujui ulimpigia nani."

Uwanja mzima ulicheka. Wiki nne hatukuwa tumecheka. Wanawake walishikana mabega, hata mke wa Mzee Nhire alifunika uso kwa kanga akicheka, na Chiutsi ambaye hawezi kukaa vizuri alicheka huku akiugulia. Baba naye akatabasamu, akangoja ajibiwe tusi lake.

Hatulali hakucheka. Alingoja tumalize. Kisha akamwuliza Mzee Nhire polepole, "Mwenyekiti, ni kweli hayo? Hujui ulimpigia nani?"

Kila mtu pale alijua jibu. Mtoto wa darasa la kwanza analijua. Ni mtani wangu, maneno yake hayana kesi. Mgeni asiye na watani duniani hayupo. Hatulali angenuna, labda angetukana, lakini kijiji kizima kingeitikia, na mambo yangeishia hapo.

Mzee Nhire akaketi. Akatoa tumbaku mfukoni, akaisugua kiganjani, akainama akaitazama. Hakusema neno. Baba aliendelea kumngoja. Hata walipomshika mikono alikuwa bado amemwelekea yeye, na lile tabasamu bado usoni, kama mtu aliyenyoosha mkono akaachwa nao hewani.

Walimpeleka nyuma ya maabara. Sisi tukaamriwa kuimba, kwa nguvu, na vijana walipita kati yetu kuangalia midomo. Niliimba. Mama aliimba. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

12 Mei

Baba amelala kifudifudi. Hawezi kulala vingine. Tumeomba mkokoteni tumpeleke zahanati.

13 Mei

Nesi alikutana nasi langoni. Alisema ameamriwa asiwapokee waliopigwa kambini, na hata angewapokea hana dawa, hana pamba. Alilia. Tukarudi na Baba.

14 Mei

Maji ya chumvi. Uji wa siagi ya karanga, vijiko viwili.

15 Mei

Aliniuliza kama Mzee Nhire amekuja. Nikasema hapana.

16 Mei

Aliuliza tena.

17 Mei

Amekojoa damu. Aliuliza tena, nikadanganya kwamba alikuja akamkuta amelala. Akasema, "Alichukua nini?" Nikasema karanga. Akaonekana ameridhika.

19 Mei

Baba amefariki mchana. Mama alikuwa akipepeta, mimi nilikuwa namsomea ile riwaya. Nilikuwa nimefika pale kurasa zinapoishia.

20 Mei

Kambi ilituma maneno: azikwe leo, pasiwe na hotuba, pasiwe na nyimbo za kanisa. Watu walikuja wachache, wakakaa wakiwa wameipa mgongo barabara. Kaburi lilichimbwa asubuhi. Kisha wachimbaji wakaweka majembe chini, wakangoja.

"Wanangoja nini?" nikamwuliza Mama.

"Mtani."

"Mama, yule?"

"Yule."

"Tutamzika wenyewe. Hata mimi naweza kuingia."

"Maidei, baba yako alijua nani atamzika. Alilisema hilo maisha yake yote. Siwezi kumtafutia mtu mwingine leo hii." Hakuwa akilia. "Akija amekuja. Asipokuja, hiyo aibu haitakuwa yetu."

Alikuja. Alikuja na kofia ya Baba kichwani, na nyuma yake Hatulali na vijana wanne, mikono mifukoni. Mzee Nhire hakututazama. Alishuka kaburini, akapima kwa mikono, akalalama kwa sauti kubwa kwamba Simba hata akifa anataka chumba kikubwa kuliko wenzake. Mtu mmoja akaguna kicheko. Mama akaenda ndani akatoka na lile koti la Baba la kufundishia.

Mzee Nhire akapanda juu, akalivaa. Na hapa ndipo ninapomchukia zaidi, kwa sababu alifanya vizuri. Akavuta mikono ya koti. Akakohoa kile kikohozi kidogo cha vumbi la chaki. Akapapasa mfukoni, akakuta kweli kipande cha chaki, akakitazama kwa masikitiko namna ile ile Baba alivyokuwa akizitazama chaki zinazokaribia kwisha. Kisha akatutazama wote juu ya miwani ambayo haikuwepo.

"Nani hajaelewa?" akasema.

Ilikuwa sauti ya Baba kabisa. Nusu ya watu waliokuwa pale walifundishwa na Baba. Mikono yao ikainuka yenyewe, watu wazima na ndevu zao, halafu wakaonana mikono juu, wakaanza kucheka. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Mimi pia nilicheka. Vijana wa kambi walicheka. Hata Hatulali alilegeza mdomo.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake.

"Mzee Nhire," nikasema, "umesahau sehemu moja."

Watu wakageuka. Hawajawahi kuisikia sauti yangu.

"Sehemu gani, binti Simba?"

"Umemwigiza Baba. Wewe mwenyewe hukujiigiza."

Nikamwendea, nikaivua ile kofia kichwani mwake. Mtani hakatazwi. Nikaivaa. Nikaketi juu ya fungu la udongo wa kaburi kama mtu aliyekaa mezani. Nikajifanya natoa tumbaku mfukoni, nikaisugua kiganjani, nikainama nikaitazama. Kisha nikakaa kimya. Nilisugua na kusugua. Hakuna aliyecheka. Mke wake alianza kulia taratibu, akiwa wa kwanza kulia msibani siku ile.

Hatulali akasogea. "Huyu msichana anafanya nini? Anasema nini huyu?"

Mzee Nhire alikuwa amesimama na koti la Baba mwilini. Uso ulikuwa umemkauka. Alinitazama, akamtazama Hatulali, kisha akacheka, kicheko chake kikubwa cha uani kwetu.

"Mwache, Komredi. Ni mtani wangu. Maneno yake hayana kesi."

Sikuwa nimesema neno.

"Ni desturi tu, Komredi," mtu mwingine akadakia. "Kweli, ni desturi," wakaitikia wengine, wote kwa pamoja. Hatulali akainua mabega, akarudi nyuma. Wachimbaji wakashika majembe. Basi ikawa hivyo. Nilichowaambia kikawa mchezo wa msibani, na mimi nikarudi nyumbani na miguu yangu miwili.

Kwa hiyo alikuwa nalo hilo neno. Lilimtoka bila shida. Lilikuwepo mdomoni mwake siku ile pia.

21 Mei

Mama amelifungua lile begi. Ndani mlikuwa na shati, sabuni aliyoificha, na kitabu cha hesabu cha darasa la nne.

9 Juni

Umande umeganda kama chumvi kwenye majani. Tunakoboa mahindi. Ni machache.

27 Juni

Tulipangwa mstari tukapelekwa kupiga kura. Mama alipakwa wino kidoleni, akaonyesha kambini. Mgombea alikuwa mmoja tu aliyebaki. Aliyesimamia kituo hatumjui.

30 Juni

Lori limewachukua vijana. Mtu fulani amesema shule itafunguliwa. Sijui tutakalia nini.

6 Julai

Tulikuwa uani tukichagua karanga za mbegu, Mama na mimi. Kofia ya Baba imetundikwa ukutani, karibu na mlango. Mzee Nhire akaja. Amekonda. Hakupiga hodi, aliingia tu, akasimama karibu na kigogo.

"Hii ndiyo nyumba ya wezi wa kofia?" akasema. "Nimesikia kuna simba jike hapa, ana meno kuliko baba yake."

Sasa mtani wake ni mimi. Tusi nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri. Nimelitengeneza wiki nyingi.

Niliweka ungo chini. Nikapiga magoti, nikaweka viganja sawa, nikampigia makofi polepole kama anavyopigiwa mtu aliyetoka mbali.

"Karibuni, Mzee. Mmeshindaje?"

Mama alinitazama mara moja tu. Kisha naye akapiga magoti, akapiga makofi.

Nikamletea kile kiti cha wageni ambacho hajawahi kukikalia. Nikaleta maji ya kunawa, nikamshikia beseni. Nikamwekea karanga kwenye sahani, nikageuza uso kwa heshima ili ale. Hakuketi. Maji yalikuwa yakimdondoka vidoleni.

"Maidei," akasema. "Binti Simba. Nitukane basi."

"Zipo na nyingine, Mzee, kama hizi hazitoshi."

Hakuzigusa. Alirudi hadi kwenye njia ya kutokea uani, akasimama pale, akageuka, akangoja. Jua lilikuwa linashuka na baridi inaingia. Mama aliendelea kuchagua mbegu, nzima huku, zilizovunjika kule.

Sikumtukana.